Dawa ni Kinachoitwa Dawa

Waliomjua Kifungu walikuwa na kanuni moja ya kuishi naye: usimwambie "haiwezekani" ukiwa umesimama. Tafuta kiti kwanza, maana utakaa hapo. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa bandarini, na makarani waliochoka kumsikia akisema, "Rudi kifungu cha nne, kaka," "Soma kifungu cha saba, dada, ukimaliza uniambie," mpaka siku moja mlinzi wa geti akamwandika "Bi. Kifungu" kwenye daftari la wageni. Mwenyewe alitia saini bila kinyongo na tangu hapo jina la cheti cha kuzaliwa likabaki la benki na hospitali.

Alikuwa wakala wa forodha. Yaani mzigo wako ukifika na meli, halafu karatasi zikakushinda, unamtafuta yeye anakwenda kugombana kwa niaba yako. Wenzake katika kazi hiyo wengine walitumia upole, wengine walitumia bahasha. Kifungu alitumia mdomo. Aliwahi kutoa kontena la vyoo vya kukaa lililozuiwa kwa sababu karani mmoja aliviandika kuwa ni viti, na viti vilikuwa na ushuru mkubwa. "Kama ni kiti," alimwambia yule karani, "kikalie hapa mbele za watu tukuone." Vyoo vilitoka siku hiyohiyo, na karani aliomba kuhamishiwa idara nyingine.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache kwa sababu maneno ya nyumba ile yalipokuwa yakigawanywa hakupata fungu lake. Aliishi pia na mama yake mzazi, na ukikaa na yule mama kwa muda wa chai moja tu ungeacha kujiuliza binti amerithi wapi. Mama alikuwa ameuza vitambaa sokoni ujana wake wote. Wateja walimwogopa na bado walirudi, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu amependeza kama hajapendeza.

Sasa mama alikuwa na presha ya macho. Daktari aliwaeleza kwa lugha nyepesi: ugonjwa huu hauumi wala hauwashi, unakula tu uoni kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi hata ukimleta daktari wa mfalme. Kilichobaki kilishikiliwa na dawa ya kutia machoni, tone moja kila jicho kila jioni. Asipotia, macho yanakwenda. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna dawa ya madaktari wanaoongea sana, kisha wakarudi nyumbani na kichupa chao. Kifungu hakucheka njiani. Alikuwa mtu wa kuogopa vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa mama kupofuka.

Mwaka ule meli zilivuruga dunia. Huku vita, kule mgomo, kwingine njia imezibwa, meli zinazunguka bahari kutafuta pa kupita, na zilipofika, zikafika zote kwa mkupuo kama mashangazi kwenye mgao wa urithi. Bandari ikajaa. Makontena yalipangwa juu ya makontena mpaka waendesha winchi wakawa wanaangalia chini kwa hofu. Madukani kukakosekana vipuri, kukakosekana balbu, kukakosekana hata zile nyembe za bei rahisi zinazokata kila kitu isipokuwa ndevu. Watu wakanung'unika, magazeti yakanung'unika zaidi, na serikali, ambayo huwa inasikia manung'uniko uchaguzi ukikaribia, ikapeleka muswada bungeni.

Jina kamili la sheria hiyo lilikuwa refu kuliko foleni yenyewe: Sheria ya Kukabiliana na Usumbufu wa Usafirishaji wa Meli na Mnyororo wa Ugavi. Wananchi waliishia kwenye mnyororo. Mtaani kwa Kifungu baba mmoja aliamini ni sheria ya mbwa, akamfunga wa kwake kwa wiki nzima kabla ya kuelimishwa.

Waziri aliyeipeleka alijivunia jambo moja kuliko yote. Sheria iliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, tena Kiswahili cha kawaida, ili mwananchi asihitaji wakili kuielewa. Wabunge walipiga meza. Kifungu cha tisa kilisema vyakula, dawa na mafuta vitatolewa bandarini kabla ya shehena nyingine yoyote. Kifungu cha pili kilisema maneno yote ya sheria hii yatachukuliwa kwa maana yake ya kawaida, kama yanavyotumiwa na wananchi katika maisha yao ya kila siku. Hapo wabunge walipiga meza tena, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wananchi huwa wanayatumiaje.

Kifungu aliisoma jikoni, kwa sauti, huku mama akisikiliza. Alipofika mwisho alirudi kifungu cha pili, akatabasamu.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Nimeona mlango."

"Wamesahau kufunga?"

"Wamesahau kuuweka wenyewe, mama. Kuna fremu tu."

Mama alicheka. "Wabunge wangekuwa wanasoma wanachopitisha, wewe ungekufa njaa."

Kesho yake Kifungu alikwenda kwa tajiri mmoja wa viatu aliyekuwa amelalamika miezi yote kwamba mzigo wake unaoza bandarini, ingawa rangi ya viatu haiozi. Akamwambia achukue kikopo kimoja cha mfano, avae vizuri, amfuate.

Bandarini lilikuwa limefunguliwa dirisha jipya la kutekeleza sheria. Liliitwa dirisha la kipaumbele. Nyuma ya kioo chake alikaa afisa ambaye kila mtu alimwita Subiri, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayefika na mara nyingi ndilo la mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yabaki yalivyo, na kazi yake ilikuwa kuyatoa yalipo.

"Subiri," akasema. Akamaliza chai yake. "Haya. Mzigo gani?"

"Dawa," Kifungu akasema.

Subiri akafunua karatasi. "Hapa pameandikwa dawa ya viatu."

"Ndiyo. Dawa."

"Dada, hii ni rangi ya kung'arishia viatu."

"Wewe asubuhi ukitaka kung'arisha viatu vyako, unamwambiaje mkeo? 'Mke wangu, nipatie rangi ya kung'arishia'?"

"Viatu vyangu viache."

"Nimeviacha. Soma kifungu cha pili, kaka."

Subiri alikisoma mara ya kwanza kwa dharau na mara ya pili kwa wasiwasi. Mama wa usafi alikuwa anapita na ndoo. Kifungu akamwomba radhi kwa kumsimamisha, akamwonyesha kikopo. "Mama, hiki kina nini ndani?"

"Dawa ya viatu," mama wa usafi akasema. Akawatazama wote mmoja mmoja. "Kwani nyinyi mnaiitaje?"

Subiri aliwapigia wakubwa wake. Wakubwa nao walifikiri, na walichofikiri zaidi ni vyeo vyao. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyesema kwamba Kiswahili cha wananchi si sheria baada ya waziri kusema ndicho sheria. Wakajibu kwamba sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa, na shahidi kutoka kwa umma akisema kitu kinaitwa dawa, basi ni dawa. Kontena la tajiri wa viatu likatoka mchana ule. Mji ukang'aa miguuni.

Habari hizo hazikuhitaji tangazo. Dawa ya meno ikapita. Dawa ya nywele ikapita, shehena nzima, na saluni zikafungua milango alfajiri. Dawa ya mbu, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya chooni, dawa ya mbao. Dawa ya panya, ambayo haijawahi kumponya panya yeyote, ikapita na kusindikizwa. Halafu mawakala wengine wakachangamka. Mmoja alileta viberiti. Subiri akamuuliza viberiti ni dawa ya nini, naye akajibu dawa ya moto ni moto. Subiri akasema hiyo ni methali. "Methali zinasemwa na nani, na meli?" wakala akauliza. Viberiti vikapita. Mwingine akaleta mashine za kuhesabia noti, akasema dawa ya deni kulipa. Aliyeleta mvinyo kwa jina la dawa ya mawazo alikataliwa, ila kwa huzuni, maana Subiri mwenyewe siku hizo alikuwa na mawazo.

Kifungu akawa maarufu. Wateja walimngoja asubuhi nje ya geti lake, mumewe akalazimika kuwakaribisha na hivyo kuongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Kuna waliomwambia ukweli: kwamba wakati dawa ya mende inapita, pampu za maji za mji jirani zimelala bandarini kwa sababu pampu hakuna anayeiita dawa. Kifungu alikuwa na jibu. Mwizi ni anayevunja mlango, alisema, yeye amepita pasipo na mlango, na anayetaka asipite alete seremala. Jibu lilikuwa zuri, na alilirudia mara nyingi, zaidi kidogo ya mtu asiye na wasiwasi anavyorudia jibu.

Jioni akirudi alikuwa anapita chumbani kwa mama kabla ya kuvua viatu.

"Mama, dawa ipo?"

"Bado ipo."

"Nikuletee nyingine?"

"Nimesema ipo. Shughulikia viatu vya watu."

Kisha mama alitaka kusikia ya siku ile, nani kasema nini, Subiri kafanya uso gani, na Kifungu alimwigiza Subiri mpaka mama akajifuta machozi ya kicheko. Zilikuwa jioni nzuri. Kifungu alilala bila hofu, kwa hesabu rahisi kabisa: kama dawa ya viatu ni dawa, basi dawa yenyewe itapita imelala.

Alipokwenda hatimaye kwenye duka la dawa kununua kichupa kipya, ili mama akikiona aache ubishi, mfamasia alitikisa kichwa. Mfamasia huyu alikuwa mtu wa koti jeupe na matamshi safi, aliyekuwa akiagiza mwenyewe dawa za macho kutoka nje kwa ajili ya mji mzima. Rafu yake ya macho ilikuwa tupu.

"Kontena langu limefika siku nyingi," akasema. "Limekaa."

Kifungu alicheka. "Limekaaje? Dawa ya panya imepita, dawa ya macho ikae?"

"Wamesema si dawa."

"Nani kasema?"

"Afisa wa kipaumbele. Kwenye karatasi pameandikwa matone ya macho."

"Na wewe kwa nini uliandika matone?"

Mfamasia alijinyoosha. "Kwa sababu ni matone. Dawa ni neno la sokoni, dada. Watu wanaita kila kitu dawa. Mimi niliyesomea huwa naandika kitu kwa jina lake."

Kifungu alimtazama yule msomi na koti lake, na kwa mara ya kwanza akatamani mtu mmoja duniani awe mjinga kidogo. Akamwambia ampe karatasi zote, hataki malipo, kesho litatoka.

Subiri alikuwa ameingoja siku hiyo. Hakuwa na kinyongo kikubwa, lakini binadamu ni binadamu, na alikuwa amesikia kwamba kuna nyumba anamoigizwa kila jioni.

"Karibu, Bi. Kifungu. Leo sikwambii usubiri. Mzigo gani?"

"Dawa ya macho."

"Hapa naona matone."

"Ni dawa, kaka. Imetoka kiwanda cha dawa, inakwenda duka la dawa, inaandikwa na daktari."

"Toka lini tunatazama inakotoka?" Subiri aliuliza kwa upole mkubwa. "Si wewe uliyenifundisha? Usitazame boksi, sikiliza jina. Nimesikiliza. Jina ni matone. Mvua nayo ina matone. Nikiruhusu matone, kesho mtaniletea mawingu."

Kwenye benchi mawakala wakacheka. Kifungu naye angecheka kama ingekuwa ni kwa mwingine. Alifikiria kubadilisha jina kwenye karatasi, lakini kifungu cha kumi na nane kilisema anayebadilisha jina la mzigo uliokwisha kufika anarudishwa mwisho wa foleni. Alikijua vizuri. Ndicho alichomkamatia wakala mwenzake aliyejaribu kugeuza mabati kuwa dawa ya mvua. Kukata rufaa kungechukua muda ambao macho ya mama hayakuwa nao.

Aliona aibu. Kushindwa alikuwa ameshazoea, kazi ina siku zake. Lakini hajawahi kupigwa kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe, akaipaka dawa ya mbao, akamkabidhi mpigaji. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakumtafuta wa kumpa.

"Shahidi," akasema. "Nina haki ya shahidi."

"Unayo." Subiri aligonga karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Ilikuwa mpya, kwa sababu mawakala walikuwa wameanza kuleta binamu zao waliofundishwa la kusema. Shahidi awe mtumiaji halisi wa bidhaa. Aje mwenyewe. Aonyeshwe bidhaa na aitaje kwa jina analolitumia kila siku, bila kuelekezwa na yeyote. "Mlete mtumiaji," Subiri akasema. "Akisema dawa, nagonga muhuri hapo hapo. Mimi si mchawi."

Kifungu alirudi nyumbani akiwa amepata nguvu tena. Shahidi alikuwa naye ndani, tena shahidi ambaye hajawahi kuliita tone tone. Mama alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti chake. Siku hizo alikuwa anapenda kukaa. Akiitwa sokoni kuwaona wenzake wa zamani alisema miguu, akiitwa kwa jirani alisema vumbi.

"Mama, kesho nataka tutoke."

"Miguu yangu."

"Gari litatupeleka mpaka mlangoni. Ni neno moja tu. Wanakuonyesha kile kichupa, unasema ni dawa, tunarudi."

Mama alilainisha nguo yake magotini.

"Lazima wanionyeshe?"

"Ndiyo utaratibu wao. Bila hivyo dawa yako haitoki." Kifungu akakaa chini karibu na miguu ya mama. "Na kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewafundisha kusikiliza majina."

"Najua. Umejisifu humu ndani kila siku, tungekosaje kujua." Mama alimpapasa kichwa. "Mimi nilikuwa napenda ukija kunihadithia. Basi tutakwenda. Ila maisha yangu yote sijawahi kutoka nyumbani kwenda kusema neno moja."

Wakaenda na gari la mumewe, mama mbele, Kifungu nyuma katikati ya majokofu mawili mabovu. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha heshima. Kwenye ukumbi wa kipaumbele watu walikuwa wengi kuliko siku zote, maana habari zilikuwa zimetangulia na kila wakala alitaka kumwona aliyemzaa Kifungu. Mama aliingia amemshika binti yake mkono, kama mama yeyote anavyomshika binti yake mahali pageni.

Subiri alisimama. Jambo hilo nalo watu walilizungumza baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Subiri?"

Mtu alikohoa kwenye benchi. "Ndiyo mimi," Subiri akasema.

"Nimesubiri."

Ukumbi ukacheka, na Subiri mwenyewe akacheka, na Kifungu akasikia kifua kinafunguka. Aliona wameshamaliza. Mama akiwa katika hali hiyo hakuna afisa anayemweza.

Subiri alichukua kichupa cha mfano kutoka kwenye droo, akakiinua nyuma ya kioo ili watu wote waone kwamba hapendelei. "Sasa, mama, kwa utaratibu. Asimwelekeze mtu. Hiki wewe nyumbani unakiitaje?"

"Kipi?" mama akauliza.

"Hiki nilichoshika."

Mama aligeuza uso kidogo kulia, halafu kidogo kushoto. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaitazama kalenda iliyotundikwa ukutani, mbali kabisa na mkono wa Subiri.

"Kioo chako kichafu, mwanangu. Sogea."

Kioo kilikuwa kimetoka kufutwa. Mama wa usafi alikuwa bado amesimama hapo na kitambaa mkononi. Subiri alikaa kidogo na mkono wake hewani. Kisha akafungua mlango wa pembeni, akatoka upande wa wananchi, akaja akasimama mbele ya mama na kukinyoosha kichupa karibu na uso wake.

"Hiki hapa, mama."

Mama aliinua mkono kukipokea, na mkono ukashika tai ya Subiri.

Zile jioni zote Kifungu alikuwa ameuliza akiwa mlangoni, amesikia "ipo," akakaa kuigiza sura ya Subiri kwa mtu ambaye labda alikuwa haioni hata ya binti yake. Hakuwahi kukishika kile kichupa akakitikisa.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Ile dawa iliisha lini?"

"Usimwelekeze shahidi," mama akasema.

Subiri alikitoa kichupa mkononi mwake, akaufungua mkono wa mama kwa uangalifu na kukiweka kiganjani. Mama akakipapasa. Akaugusa mfuniko wenye mikunjo, akateremka kwenye shingo nyembamba, akakizungusha kama alivyokuwa akipima kitambaa kwa vidole enzi zake za sokoni. Akakitikisa sikioni, akasikia kwamba kimejaa.

"Hii ni dawa yangu," akasema, kwa sauti ya kutosha benchi la nyuma.

Subiri alirudi nyuma ya kioo bila kumtazama mtu. Akagonga muhuri kwenye karatasi ya kwanza, akagonga ya pili, na alipomaliza akabaki ameshika muhuri, hana la kufanya nao. Mawakala kwenye benchi walitazama viatu vyao, na viatu viling'aa vyote. Mume wa Kifungu alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Kifungu alitafuta la kusema. Kwa mara ya kwanza mahali pale hapakuwa na kifungu hata kimoja.

Mama alisubiri kidogo. Kisha akauelekeza uso kule alikodhani binti yake yupo.

"Mbona kimya? Tumeshindwa?"

"Tumeshinda, mama," Kifungu akasema, akamshika mkono na kumwambia kwamba hapo mbele kuna ngazi.